Chakula cha Huruma na Kazi ya Wafanya Biashara

Huruma ni mtaa wenye watu wengi katika mji wa Eldoret, nao usichanganywe na Huruma ya Nairobi. Wakazi wake hufanya kazi za namna nyingi: wako mafundi, wachukuzi, wauza nguo, waendesha bodaboda, na vibarua wa viwandani na wa mashambani. Walio wengi hawana shamba hapo wanapokaa. Chakula chao hununuliwa dukani au sokoni, mara nyingi kwa fedha zilizopatikana siku ile ile, na mahindi hupimwa kwa gorogoro. Bei ya gorogoro ikipanda, mlo wa jioni hupungua. Jambo hilo halihitaji kuelezwa kwa mama yeyote wa Huruma.

Ajabu ni kwamba mtaa huu umo katikati ya nchi ya mashamba. Kaunti ya Uasin Gishu, pamoja na jirani yake Trans Nzoia, ndiyo huitwa ghala la chakula la Kenya. Mtu akitoka Huruma kwa gari, haupiti muda mrefu kabla hajaona mahindi pande zote mbili za barabara, na mbele kidogo ngano. Basi yafaa kuuliza: kwa nini watu wapate taabu ya chakula karibu na ghala? Na wale wasimamao kati ya shamba na sufuria, yaani wenye maduka, wenye vinu, wenye malori, wenye benki na wenye viwanda, waweza kufanya nini ili chakula kisipungue wala ardhi isichoke?

MAANA YA UHAKIKA WA CHAKULA

Watu wengi hudhani kwamba nchi ikivuna mahindi mengi, basi haina njaa. Sivyo. Wataalamu husema kuwa chakula ni cha uhakika pale mambo manne yanapokutana. La kwanza, chakula kiwepo. La pili, mtu aweze kukipata, ama kwa jembe lake ama kwa fedha zake. La tatu, kiwe safi na chenye kuujenga mwili, si cha kujaza tumbo tu. La nne, mambo hayo matatu yadumu mwaka mzima, mwezi wa Juni kama mwezi wa Desemba. Huruma haikosi lile la kwanza, maana mahindi yapo. Taabu yake hasa iko katika la pili na la nne.

Kilimo endelevu nacho maana yake si ngumu. Ni kilimo kisichokula mtaji wake. Mtu akimkamua ng'ombe kila siku bila kumlisha, atapata maziwa kwa muda, kisha atapata ngozi. Ndivyo ilivyo kwa shamba linalovunwa miaka yote bila kurudishiwa kitu. Mfanya biashara anayetegemea mavuno ya wengine ana sababu ya kulijali jambo hilo kama mkulima mwenyewe, kwa kuwa shamba likifa, kinu chake kitasaga nini?

HASARA HUANZA WAKATI WA MAVUNO

Katika Uasin Gishu mahindi hupandwa mara moja kwa mwaka. Mbegu huingia udongoni mwezi wa Machi na Aprili, na mavuno huja kati ya Oktoba na Desemba. Kwa kuwa watu wote huvuna wakati mmoja, mahindi huwa tele na bei huanguka. Wakati huo huo karo ya shule ya Januari inakaribia, na deni la mbolea linadaiwa. Mkulima mdogo huuza upesi, hata kama moyo wake haupendi.

Ichukuliwe hesabu hii kuwa mfano tu, wala si bei ya siku fulani. Mkulima amevuna magunia 20 ya kilo 90. Akauza 12 kwa shilingi 3,000 kila gunia, akapata shilingi 36,000, na 8 akayaweka ya kula. Ilipofika Juni akaona amepungukiwa magunia 4, naye akaenda kuyanunua kwa shilingi 4,500 kila moja, jumla shilingi 18,000. Magunia yale yale 4 aliyauza kwa shilingi 12,000. Amepoteza shilingi 6,000 kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba hakuweza kungoja.

Mkazi wa Huruma naye ameumia katika hesabu hiyo hiyo. Gunia la shilingi 3,000 ni sawa na shilingi 33 na senti kwa kilo, na gunia la shilingi 4,500 ni sawa na shilingi 50. Kipimo cha kilo 2 kilichokuwa shilingi 67 hivi sasa ni shilingi 100, kabla ya gharama ya kusaga. Kwa hiyo mkulima aliyeuza bei rahisi na mlaji anayenunua bei ghali hawakugombana wao kwa wao. Wote wawili wamekosa kitu kimoja, yaani mahali pa kuyaweka mahindi vizuri na njia ya kupata fedha kidogo wakati wa kungoja.

Mwaka 2022 pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200 katika Kenya, na mwezi wa Julai Serikali ikalipa sehemu ya gharama ili pakiti hiyo iuzwe kwa shilingi 100. Nafuu hiyo haikudumu. Msaada wa namna hiyo hutuliza maumivu, lakini hauongezi hata gunia moja ghalani. Dawa yenyewe huanzia mbali zaidi, nayo huanza na kukausha.

KUKAUSHA NA KUHIFADHI

Mahindi yanayowekwa ghalani yafaa yawe na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yakizidi hapo hupata joto, huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, wala haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004, katika wilaya za mashariki ya Kenya kama vile Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na 125 kati yao wakafa. Habari hiyo haifai kusahauliwa na mtu yeyote anayeuza mahindi au unga.

Katika nyanda za juu kama Eldoret hatari hukaribia kila mara mvua inaponyesha wakati wa mavuno, maana jua la kukaushia halipatikani. Hapo ndipo mfanya biashara anapoweza kusaidia na kupata faida halali. Mashine moja ya kukaushia, ikiwekwa karibu na wakulima na kutozwa ada ndogo kwa kila gunia, huokoa mavuno ya watu wengi. Mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilianza kuleta mashine za kukaushia zinazoweza kuhamishwa kutoka mahali hata mahali. Vyama vya ushirika na wenye vinu wanaweza kuufuata mfano huo, kila mmoja kwa kadiri ya mtaji wake.

Asiye na kipimo cha unyevu anaweza kutumia njia rahisi. Achukue chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, atie punje chache za mahindi na chumvi kavu kidogo, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikishikamana na kioo, mahindi bado ni mabichi. Ikibaki kavu na kuanguka chini, mahindi yamekaribia kufaa. Mnunuzi anayefanya jaribio hilo mbele ya muuzaji huondoa ugomvi, na humfundisha muuzaji bila ya kumsimanga.

Baada ya kukausha, mahindi yafaa kulindwa na dumuzi. Siku hizi madukani hupatikana magunia yenye tabaka tatu, mawili ya ndani yakiwa ya plastiki isiyopitisha hewa. Mahindi makavu yakitiwa humo na kufungwa kwa nguvu, wadudu humaliza hewa iliyomo na kufa wenyewe, bila dawa ya unga. Magunia hayo hutumika tena mwaka wa pili yasipotoboka. Bei yake ni kubwa kuliko gunia la kawaida, lakini aliyesoma hesabu ya magunia 4 hapo juu atajua kwamba gharama hurudi upesi.

Iko pia njia ya stakabadhi ya ghala, ambayo Kenya iliitungia sheria mwaka 2019. Mkulima hupeleka mahindi makavu katika ghala lenye leseni, nayo hupimwa uzito na ubora, na yeye hupewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo ni mali. Anaweza kuipeleka benki akakopeshwa fedha za karo, na mahindi yakabaki ghalani mpaka bei ipande. Benki inayokubali stakabadhi hizo, na mwenye ghala anayetunza mali ya watu kwa uaminifu, wamemwondolea mkulima ile haraka ya kuuza, nao wamewapa wakazi wa mji mahindi katika miezi ya uhaba.

DUKA DOGO LILILOENEZA MBEGU

Wako wanaodhani kwamba kusaidia kilimo ni kazi ya Serikali na mashirika makubwa peke yao. Historia ya nchi hizi za magharibi ya Kenya yaonyesha vingine. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa Kitale mwaka 1956, kwanza kwa ajili ya mbegu za majani ya malisho. Mwaka 1964 mbegu chotara ya mahindi iitwayo H611 ilitolewa kwa wakulima, nayo ilitokana na kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador. Mavuno yake yalizidi sana yale ya mbegu za zamani.

Lakini mbegu nzuri ikikaa ghalani Kitale haimlishi mtu. Iliyoifikisha vijijini ni mikono ya wenye maduka madogo. Kampuni iliwapa wenye maduka haki ya kuiuza, na mbegu ikafungwa katika mifuko ya kumtosha mkulima mwenye eneo dogo. Mtu aliyekwenda kununua chumvi na mafuta ya taa aliiona mbegu kwenye rafu, akauliza habari zake kwa mwenye duka anayemfahamu, akajaribu kidogo. Kwa njia hiyo mbegu chotara zilienea kwa wakulima wadogo kwa kasi iliyowashangaza wataalamu. Funzo lake halijachakaa: bidhaa ya kilimo iwe karibu, ifungwe kwa kipimo cha maskini, na muuzaji aijue kazi yake.

Mfano wa karibu zaidi ni One Acre Fund, iliyoanza Bungoma mwaka 2006. Hiyo huwapa wakulima wadogo mbegu na mbolea kwa mkopo, huzifikisha karibu na kijiji, huwafundisha namna ya kupanda kwa mistari na kwa kipimo, kisha hupokea malipo kidogo kidogo. Haitoi bure. Mkulima hulipa, na kwa kuwa analipa, ana haki ya kudai mbegu nzuri na kuletewa kwa wakati.

Kuhusu hatari ya ukame, mwaka 2009 kampuni ya bima ya UAP, pamoja na Safaricom na wakfu wa Syngenta, walianzisha bima iliyoitwa Kilimo Salama. Mkulima aliongeza kiasi kidogo juu ya bei ya mbegu au mbolea, vituo vya hali ya hewa vikapima mvua, na mvua ilipokosekana malipo yalipelekwa kwa simu. Hakuna mkaguzi aliyehitaji kwenda kila shamba. Kazi hiyo baadaye ilichukuliwa na kampuni ya ACRE Africa.

Neno moja la tahadhari ni lazima lisemwe. Mwaka 2024 mbolea hafifu ilikutwa imeuzwa kwa wakulima wa Kenya kana kwamba ni mbolea kamili. Mkulima aliyepanda kwa mbolea ya namna hiyo hawezi kurudi nyuma, kwa kuwa msimu ni mmoja. Mwenye duka mwaminifu huandika katika daftari alikonunua kila mzigo, hutoa risiti, na hukataa mzigo usiojulikana asili yake hata kama ni rahisi. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara ya pembejeo, kinachopotea ni chakula cha watu cha mwaka mzima.

UDONGO NAO HULA

Mashamba mengi ya Uasin Gishu yamepandwa mahindi mwaka baada ya mwaka, na mbolea iliyotumika sana ni ile ya DAP. Mbolea hiyo ina nguvu, lakini ikitumika miaka mingi bila kitu kingine huongeza uchachu wa udongo. Udongo ukiwa mchachu mno, mmea hauwezi kuchukua chakula kilichomo, hata kama mbolea imetiwa. Mkulima huongeza mbolea, na mavuno hayaongezeki. Fedha zake zimelala udongoni.

Dawa ya uchachu ni chokaa ya kilimo, nayo kipimo chake hujulikana kwa kupima udongo kwanza. Jirani na mji kiko Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichopewa hati yake mwaka 2013, ambacho elimu ya udongo ni moja katika masomo yake. Tena mwaka 2016 kampuni ya Toyota Tsusho ilifungua Eldoret kiwanda cha kuchanganya mbolea, ili wakulima wapate mbolea inayolingana na udongo wao badala ya kutumia mbolea ya namna moja kila mahali. Hapo yaonekana jinsi biashara inavyoweza kufuata haja ya shamba.

Mwenye duka la pembejeo anaweza kuongeza huduma ndogo yenye faida kubwa, yaani kukusanya sampuli za udongo za wateja wake na kuzipeleka kupimwa kwa pamoja, ili gharama ya safari igawanywe. Anaweza pia kuuza chokaa bega kwa bega na mbolea, na kumweleza mteja kwamba si kila mwaka huhitaji vyote viwili.

Kubadilisha mazao ni jambo jingine. Maharagwe, viazi na malisho yakifuatana na mahindi, wadudu na magonjwa hukosa makao ya kudumu. Ugonjwa wa mahindi uliogunduliwa Bomet mwaka 2011, ambao hukausha mmea mzima, uliwafundisha wengi ubaya wa kupanda mahindi juu ya mahindi. Mwaka 2017 viwavijeshi vilivyotoka Marekani viliingia Kenya na kuongeza taabu. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kimeeneza njia ya kupanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi na majani ya malisho pembeni. Desmodiamu hufukuza wadudu kwa harufu yake na huzuia kiduha, na majani ya pembeni huwavuta nje ya shamba. Kisha vyote viwili hulisha ng'ombe. Lakini mkulima hatabadilisha mazao kama hana soko la zao jipya. Kwa hiyo mnunuzi anayesema mapema, "Nitanunua maharagwe yako," ameusaidia udongo kuliko mhubiri wa mikutano.

MKATABA ULIO WA HAKI

Eldoret ina shule, vyuo, hoteli, hospitali na kambi za wanariadha. Wote hao hununua chakula kila juma. Wakinunua kwa mikataba kutoka kwa vikundi vya wakulima wadogo, mkulima hujua apande nini na kiasi gani, na mnunuzi hana haja ya kuhangaika sokoni. Ila mkataba uwe wa kueleweka. Yafaa uandikwe kwa lugha anayoisoma mkulima, utaje uzito, ubora, bei au namna ya kuipata bei, siku ya kulipa, na nani atakayebeba hasara mvua ikikosekana. Malipo yanayochelewa miezi ndiyo yaliyowavunja moyo wakulima wengi, kuliko bei ndogo. Mkulima naye akiahidi mzigo, asimwuzie mpita njia kwa sababu ya shilingi chache za ziada, kwani mkataba uliovunjwa mwaka huu haupatikani tena mwaka ujao.

Uko ushahidi wa karibu kwamba shamba lililopangwa vizuri laweza kulisha wenye shida. Mpango wa afya wa AMPATH, ulioanzishwa Eldoret mwaka 2001 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulikuwa ukiwatibu watu wenye virusi vya UKIMWI. Waganga waliona kwamba mgonjwa anayemeza dawa bila chakula hapati nguvu. Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 2000 likafunguliwa shamba la mboga huko Mosoriot katika Nandi, na mavuno yakagawiwa wagonjwa kwa maagizo ya daktari kama dawa nyingine. Baadaye mpango huo ulitia mkazo katika vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, ili familia zijitegemee. Mtu hupewa chakula ainuke, kisha husaidiwa kutafuta njia ya kukipata mwenyewe.

Mfano mwingine ni wa Kipchoge Keino, mkimbiaji aliyepata medali za dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na ya Munich mwaka 1972. Yeye na mkewe Phyllis walijulikana Eldoret kwa kulea watoto yatima, na mashamba ndiyo yaliyowasaidia kuwalisha. Ng'ombe wa maziwa waliotunzwa vizuri walitoa maziwa ya kunywa na maziwa ya kuuza. Wema ulisimama juu ya biashara iliyo hai.

BUSTANI NDANI YA MTAA

Huruma yenyewe haina nafasi ya mahindi, lakini mboga hazihitaji nafasi kubwa. Mwaka 2008 shirika la Solidarités la Ufaransa lilianza kuwafundisha watu wa Kibera, Nairobi, kupanda mboga katika magunia. Gunia husimamishwa, katikati hujazwa nguzo ya mawe madogo ili maji yapite mpaka chini, na kandokando hutiwa udongo uliochanganywa na samadi iliyooza. Mashimo hutobolewa ubavuni, na kila shimo hupandwa mche. Sukuma wiki, mchicha, managu na vitunguu hustawi, juu na ubavuni, na gunia moja huchukua nafasi ya kiti.

Wenye nyumba za kupanga wanaweza kusaidia kwa jambo rahisi, yaani kuweka mifereji ya mabati na tangi la maji ya mvua, na kuwaruhusu wapangaji kutumia pembe ya ua. Wauza mboga wanaweza kutenga masalio ya soko yaozeshwe kuwa mbolea, badala ya kutupwa mtaroni. Lakini maji ya mto Sosiani upitao mjini hupokea taka nyingi. Hayafai kumwagiliwa mboga zinazoliwa mbichi, na mboga zozote zioshwe kwa maji safi kabla ya kupikwa.

Wenye vinu nao wana sehemu yao. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa mahindi na wa ngano unaofungwa viwandani utiwe madini ya chuma na zinki pamoja na vitamini. Watu wengi wa mitaani, hata hivyo, husaga mahindi yao katika visiagi vidogo, ambako unga hautiwi kitu. Kwao mboga za gunia na maharagwe si anasa. Ndizo zinazokamilisha ugali.

MAMBO YA KUANGALIA

Zipo kampuni zinazogawa unga siku moja kwa mwaka, picha zikapigwa, kisha mambo yakaisha. Msaada wa namna hiyo una nafasi yake wakati wa msiba, kama ulivyohitajika baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, familia za Uasin Gishu zilipohamishwa na ghala za mahindi zilipochomwa moto. Lakini hauwezi kuitwa mradi wa kilimo.

Mradi wa kweli hujulikana kwa maswali machache. Je, wakulima walishauriwa kabla ya kuanza? Je, biashara hiyo yapata faida ya kuiendesha mwaka wa tatu, wafadhili watakapokuwa wameondoka? Je, udongo ni bora kuliko ulivyokuwa? Je, wanawake, ambao hufanya sehemu kubwa ya kazi ya shamba, hupokea malipo mikononi mwao? Na lililo kubwa: familia sasa ina miezi mingapi katika mwaka isiyo na upungufu wa chakula? Ikiwa ilikuwa 7 na sasa ni 10, mradi umefanya kazi. Ikiwa ni ile ile 7, mabango na kofia zilizogawiwa hazikuongeza kitu.

Hakuna anayetakiwa kufanya yote. Mwenye kisiagi aanze na chupa ya chumvi, asinunue mahindi mabichi. Mwenye duka aweke magunia yasiyopitisha hewa na paketi ndogo za mbegu zilizothibitishwa. Mwenye lori akubali kubeba mizigo midogo ya kikundi kwa safari moja. Mwenye hoteli au shule atafute kikundi kimoja cha wakulima na kulipa kwa siku iliyoandikwa. Benki ipokee stakabadhi za ghala. Wapangaji wa ua mmoja wapande magunia mawili ya mboga. Vyama vya akiba vitenge fungu dogo kila mwezi wa Novemba, bei ikiwa chini, vinunue mahindi makavu ya wanachama wake na kuyafungua mwezi wa Mei.

Wazee husema akiba haiozi. Kwa fedha maneno hayo ni kweli. Kwa mahindi huwa kweli pale tu yanapokaushwa, yakafungwa vizuri, na yakatunzwa na mtu mwaminifu. Kazi hiyo iko kati ya shamba na mji, nayo ni ya wafanya biashara.